Namna ya kuungama bila kujiumiza, na bila kuacha dawa

Mbukwenyi wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, Dodoma, sio mchungaji wala nesi, kwahiyo haya nayoandika yachukue kama ya mtu aliyepita humo akatoka. Kuna dada mmoja aliniuliza kwenye foleni ya maji, eti ni kweli mtu akiungama anapona? Nikamjibu ndio na hapana, alafu nikaona jibu lenyewe ni refu kuliko ndoo zetu.

Nianze na yangu. Nilikuwa mhazini wa kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, kwahiyo hapo huwezi kugusa kitu, lakini wanachama walishazoea kunirushia marejesho kwenye simu katikati ya wiki, na hela ya kwenye simu haina kufuli. Ikaja shida ya ada ya mtoto, nikatoa kidogo, nikatoa tena, mpaka ikafika 380,000. Kwenye daftari nikawa naandika tu "ipo kwenye simu". Miezi mitano nimeandika hivyo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwili ndo ukaanza kusema. Shingo imekaza kama mbao, kichwa kinauma kwa nyuma, naamka saa nane za usiku nasikiliza mbwa wa jirani mpaka asubuhi, tumbo linawaka, na simu ikilia moyo unadunda kabla sijaona hata nani anapiga. Nikaenda hospitali, presha 150 kwa 95. Daktari akauliza, mama unalala vizuri? Nikasema nalala. Kuna mawazo yoyote? Hamna. Nimemdanganya mpaka daktari, alafu natoka pale nalalamika dawa hazifanyi kazi!

Kwanza elewa kinachotokea ndani, maana wengi wanadhani stresi ni maneno tu. Ukiwa na hofu ya kukamatwa mwili hautofautishi hofu ya mwenyekiti wa kikoba na hofu ya fisi, unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, misuli inakaza, usingizi unakata. Kwa fisi inaisha dakika kumi, aidha umekimbia au umeliwa. Kwa siri inaendelea miezi. Daudi alishayasema kwenye Zaburi ya 32, "Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa", na mstari unaofuata anasema jasho lake lilikauka akawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa huo mstari, toka nje mwezi wa kumi uangalie ardhi ilivyo, vumbi na mbuyu usio na jani hata moja, ndo hali yenyewe.

Sasa namna ya kufanya.

Kabla hujamfuata mtu yeyote kaa na karatasi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, mwaka 1986 alitoa utafiti wa wanafunzi walioandika mambo mazito waliyoyapitia, dakika 15 tu kwa siku, siku nne mfululizo, na miezi iliyofuata walienda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha faida yake ni ndogo na sio kwa kila mtu, kwahiyo usiifanye kuwa muujiza, ila karatasi inasaidia kutenganisha vitu. Maana humo kichwani vimechanganyika vyote kama mabaki ya vitambaa kwenye gunia langu. Kuna ulichokosa wewe, hicho ndo cha kuungama. Kuna kinachokutia wasiwasi tu, deni la kausha damu, mtoto hajapata kazi, hicho sio dhambi, hicho unakiomba na unakipangia. Na kuna ulichotendewa. Umebakwa, umepigwa, umedhulumiwa, hiyo SIO yako kuungama jamani, usikubali mtu akupigishe magoti utubu kosa la mwingine. Hiyo unaisema ili usaidiwe, dawati la jinsia polisi lipo, hospitali zipo. Ukimaliza karatasi itie kwenye jiko la mkaa, usiiache kwenye begi.

Mtu wa kwanza kuungama kwake, na hapa watu hucheka, ni daktari. Sema kweli. Sema unakunywa diklofenaki, zile dawa za maumivu, za dukani kila siku mwezi wa tatu huu, sema umechanganya na mitishamba, sema dozi ya presha uliacha baada ya mkesha, sema hulali. Yule hakuhukumu, na akikuhukumu badilisha, ila usimpe uongo alafu utegemee akupe dawa ya kweli.

Wa pili ni wa kiroho, na hapa ndo pa kuwa makini. Yakobo 5:16 inasema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", haisemi ungameni kwenye maiki. Mkatoliki ana kitubio, na padri amefungwa na siri, haruhusiwi kusema hata mbele ya hakimu, akiivunja moja kwa moja anatengwa na kanisa. Sisi Waanglikana tunaungama wote kwa pamoja kwenye ibada, lakini ukimwomba kasisi faragha hakukatazi, wengi hawajui tu. Walutheri nao wanayo, Katekisimu Ndogo ya Luther ina sehemu ya maungamo. Wapentekoste mara nyingi ni mchungaji, mama mchungaji au mzee wa kanisa.

Najua wengine mtanijibu mbona wazee wetu wa uamsho waliungama hadharani. Ni kweli, ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulifika mpaka huku kwetu, na Festo Kivengere, yule Mganda aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa mwalimu hapahapa Dodoma miaka ya 1940 na 50. Walikuwa wanasimama kwenye fellowshipu wanataja walichoiba na wanakirudisha. Ila wale walikuwa kikundi wanaojuana, wanakutana kila wiki, wanakula pamoja na wanakemeana. Leo unasimama mbele ya watu mia sita na simu zao zinarekodi, sio kitu kilekile.

Mtu wa kumkimbia utamjua. Akikusimulia ya wenzio, ujue na yako yapo safarini. Akitaja sadaka kabla ya kusikiliza, amka uage. Akisema acha dawa kwanza ndo imani ifanye kazi, usiage hata, ondoka. Na kama ni mwanaume na wewe mwanamke, saa tatu usiku ofisini mlango umefungwa, hapana, mkae chini ya mwarobaini watu wawaone kwa mbali.

Mimi nilimwendea mama mmoja mzee wa kanisa, mstaafu, anauza karanga barazani kwake. Nikaanza kwa kuzunguka, mama unajua hali ilikuwa ngumu, na shetani naye akanipitia, hujui ilivyotokea. Akawa anachambua karanga tu haniangalii. Nilivyonyamaza akauliza, "Mwanangu, shetani alitumia namba yako ya siri?"

Nililia. Alafu ndo nikasema vizuri: mama, nilichukua 380,000 za kikoba, nikaandika uongo kwenye daftari miezi mitano. Sentensi moja. Na hivyo ndivyo inavyosemwa, taja kitendo, taja kiasi, usimtaje shetani wala mume wako wala hali ya uchumi. Na usiongeze yasiyo yako, kama kosa lina mtu wa pili, jina lake sio la kwako kulitoa. Pia sio kila kitu kinaambiwa aliyekosewa siku hiyohiyo, mengine, hasa ya ndoa, ushauriwe kwanza na mtu mwenye akili zake, maana kuna watu wanaungama ili wao walale usingizi na mwenzao ndo aanze kukesha.

Yule mama hakuniombea kwanza. Aliuliza utalipaje. Alinikumbusha Zakayo, Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Mimi mara nne sina, tukaandika 40,000 kwa mwezi, miezi kumi, wa mwisho 20,000, na faini ya kikoba juu yake. Jumamosi akanisindikiza, tukasema mbele ya mwenyekiti na wale washika funguo. Hawakunikumbatia, msidanganyike na shuhuda tamu. Niliondolewa uhazini palepale, na kuna mmoja mpaka leo tukikutana soko la Majengo anageukia nyanya.

Sasa mwili. Nitasema ilivyokuwa. Usingizi ulirudi wiki ileile. Shingo ililegea kidogokidogo, kichwa kikapoa. Presha ilishuka kidogo ila haikurudi kawaida, naendelea na kidonge changu kimoja kila siku, mama yangu naye alikuwa nayo, ni ya ukoo. Na tumbo? Tumbo halikusikia maungamo hata kidogo. Niliporudi hospitali nikasema ukweli wote wakanipima, wakakuta kile kijidudu cha Helicobacter pylori, nikapewa dozi ya siku 14, nikapona. Miaka mingi duniani watu walikuwa wanaambiwa vidonda vya tumbo ni mawazo, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha ni bakteria, Marshall mwaka 1984 akawanywa mwenyewe ili watu waamini, na wote wawili wakaja kupata tuzo ya Nobel 2005. Mawazo yanaongeza maumivu, na zile dawa za maumivu za dukani zinachubua kweli, ila kijidudu hakitubu. Ningesubiri maombi peke yake ningekuwa natapika damu sasa hivi.

Ndo maana nakuomba, wewe unayeombea wagonjwa, usiugeuze huu mwongozo. Mtu akiungama anaweza kupata nafuu, sawa, lakini haina maana kila anayeumwa kaficha kitu. Soma Yakobo 5:15 taratibu, inasema "hata IKIWA amefanya dhambi, atasamehewa". Ikiwa. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akawajibu Yohana 9:3 sio huyu wala wazazi. Na rafiki zake Ayubu waliokaa wanamchimba mgonjwa atoe siri, mwisho Mungu aliwakasirikia wao. Sasa unaenda kwa mama mwenye mtoto wa selimundu, unamwambia atafute mizizi ya dhambi kwenye ukoo. Mpelekee unga. Mpake mafuta umwombee kama Yakobo 5:14 inavyosema, alafu mtafutie nauli ya kliniki, Luka mwenyewe alikuwa tabibu na Paulo hakumwambia aache kazi.

Na kama baada ya kusema yote bado giza halitoki, huli, hulali, unawaza bora nisingekuwepo, hapo usirudie kuungama ukidhani ulisahau dhambi moja. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na unatibika. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, tunayo hapa mjini na watu wanaitania tu, eti huyu apelekwe Mirembe, lakini wanahudumia hata anayeenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Nenda, na mtu akusindikize.

La mwisho ni siku yenyewe ukishasema. Usifanye kitu. Usimpigie mtu simu kuongeza maelezo, usiandike statasi, usifunge siku tatu kwa haraka. Eliya alipochoka mpaka kuomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Mimi yule mama alinifungia karanga kwenye gazeti, nikazila njiani nimepakia bodaboda vumbi lote usoni, nikafika nikapika uji wa uwele, nikalala. Nimeamka jua liko juu ya bati, watoto wameshajifulia soksi wenyewe na wameenda shule, na simu ilikuwa imelia mara nne sijasikia.