Kabla hujamwambia daktari ng'oa: mwongozo wa meno kwa watu wa Tanga

Wengi wetu hapa Tanga tunaenda kwa daktari wa meno siku moja tu, siku ambayo jino limekunyima usingizi usiku kucha, umeshatia karafuu, umeshameza panadol na diklofenaki, asubuhi unafika unakaa kwenye kiti unasema daktari we ng'oa tu. Nje kuna foleni ndefu, jino linatoka, unarudi nyumbani. Naandika hii kwasababu meno mengi yanayotoka kwa mtindo huo yangeweza kuokolewa, na pengo linalobaki lina gharama zake ambazo hakuna anaekwambia mapema.

Anza kwa kulisikiliza jino lenyewe. Kama linashtuka ukinywa maji ya baridi au ukila kashata alafu linatulia hapohapo, mara nyingi tundu bado halijafika kwenye neva na kuziba kunatosha, unamaliza kwa siku moja. Kama maumivu yanakuja yenyewe, yanapiga usiku, ukinywa chai ya moto yanakaa dakika nyingi, hapo neva imeshaingiliwa. Na kuna hali inayowadanganya watu wengi, jino lilikuwa linauma sana ghafla likanyamaza, mtu anashukuru anasema limepona, kumbe neva imekufa na uchafu unaendelea kushuka chini kwenye mfupa. Hilo ndo la kuwahi. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya, mdomo haufunguki vizuri, unapata shida kumeza au una homa, usisubiri kliniki ya kesho, nenda hospitali muda huohuo hata kama ni usiku wa manane.

Tafadhali acha kununua amoksilini na flajili duka la dawa ukadhani umetibu jino. Dawa inatuliza uvimbe, lakini chanzo kiko ndani ya jino, wiki mbili tatu kinarudi. Na usiweke aspirini juu ya ufizi, inauunguza.

Wapi pa kwenda? Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale Bombo, ina kitengo cha kinywa na meno, na zipo kliniki binafsi mjini. Walioko Muheza, Korogwe, Handeni au Pangani waanzie hospitali ya wilaya kabla ya kupanda gari. Nenda asubuhi mapema, beba kitambulisho na kadi ya bima kama unayo, na uulize dirishani kabisa kabla hujaonwa, bima yangu inalipia nini na hailipii nini kwenye meno, maana kuziba na kutengenezewa jino la bandia ni vitu viwili tofauti. Kula kwanza, usiende na njaa kwenye ganzi. Kama una mfungo wa Ramadhani mbele yako, maliza haya mambo Shaabani. Na kwa mtu anaekuja nyumbani na mkoba wa vifaa anasema anaweka meno kwa dakika kumi, mkatae. Daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, una haki ya kuuliza usajili wake na hakuna utovu wa adabu hapo.

Ukishakaa kwenye kiti sema yote bila aibu: presha, kisukari, ujauzito, dawa za kuyeyusha damu, ugonjwa wa moyo, na kama uliwahi kupata mzio wa dawa yoyote. Wazee wetu wengi wanaficha presha wakiogopa watarudishwa nyumbani, mama usifiche, daktari anachagua ganzi kulingana na hayo. Alafu uliza kwa heshima, "Samahani daktari, hili jino linaokoleka?" Swali hilo moja linabadilisha mazungumzo yote. Omba upigwe eksirei ya jino, maana kwa macho tu mzizi hauonekani. Akikwambia haliokoleki, limepasuka mpaka kwenye mzizi au mfupa umekwisha linacheza, basi hapo kung'oa ni tiba sahihi wala usihangaike kliniki ya pili na ya tatu.

Likiwa linaokoleka na neva imeharibika, kinachofanyika ni kutibu mzizi, wengine wanaita ruti kano. Unapigwa ganzi, daktari anatoboa jino kwa juu, anatoa neva iliyooza, anasafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Inaweza kuwa siku moja au ukarudi mara mbili tatu. Shida ninayoiona ni watu kuishia katikati, maumivu yakikata tu hawarudi, ile dawa ya muda inatoka na jino linaoza upya. Shida nyingine ni kofia, yaani ganda gumu la bandia linalofunika jino lote kwa juu. Gego lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake, ukilitafunia muhogo wa kuchoma au muwa linapasuka katikati, kwahiyo linahitaji kuvikwa kofia. Ndo maana ukiuliza bei usiulize bei ya mzizi peke yake, uliza mpaka kofia ni shilingi ngapi, na kama wanakubali ulipe kwa awamu. Jino la mbele mara nyingine linatosha kuzibwa tu bila kofia.

Jino limeshatoka? Ng'ata pamba nusu saa bila kuichungulia chungulia, siku hiyo usisukutue, usivute sigara, usinywe kwa mrija, kesho yake ndo uanze maji ya chumvi ya uvuguvugu taratibu. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, na harufu mbaya juu yake, rudi ulikong'olewa, damu iliyoganda imetoka na mfupa uko wazi.

Sasa pengo. Pengo la gego la mwisho kabisa ukiliacha wazi mara nyingi hakuna tatizo. Mengine yote fikiria, kwasababu meno ya jirani yanaanza kulalia pengo, la juu yake linashuka, na mfupa pale unaliwa polepole, ukija kushtuka baada ya miaka nafasi yenyewe haipo tena.

Cha bei nafuu ni meno ya kuvaa na kuvua. Daktari anachukua vipimo kwa ule unga laini unaoganda mdomoni, maabara wanatengeneza, unarudi kujaribisha. Rangi ichagueni kwenye mwanga wa mchana. Wiki za mwanzo mate yanajaa na herufi s inasumbua, inapita. Yakikuchubua rudi yakapunguzwe, usiyakwangue mwenyewe kwa kisu. Usiku vua, yaweke kwenye maji ya kawaida, maji ya moto yanayapinda. Na ujue seti nzima ya chini huwa inacheza zaidi kuliko ya juu, sio lazima iwe fundi amekosea.

Daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni ya pengo, linakaa moja kwa moja halivuliwi, ila meno mawili ya pembeni lazima yachongwe ili yalibebe. Kama hayo mawili ni mazima kabisa mi naona ni hasara kubwa, kama yameshazibwa sana tayari basi hapo daraja linafaa.

Impilanti ni skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa alafu juu yake linawekwa jino. Haiwagusi majirani na inatafunia vizuri sana, ila ndo ghali kuliko zote, na sio mambo ya waja leo waondoka leo, mfupa unahitaji kama miezi 3 mpaka 6 kuishika. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari zaidi ya kushindwa. Ukiamua kuifanyia Dar, weka kwenye hesabu nauli za kwenda na kurudi na pa kulala, maana utarudi mara kadhaa, na uulize nani atakuangalia ukiwa Tanga ikilegea.

Kingine kwa wenye watoto. Mtoto akianguka jino la ukubwani likatoka zima zima, lishike upande wa kutafunia usiguse mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji bila kusugua, lirudishe palepale shimoni au litie kwenye maziwa, na uwahi kwa daktari, nusu saa za mwanzo ndo zenye matumaini makubwa. Likiwa jino la utoto usilirudishe, utaumiza linalokuja chini yake, mpeleke tu aangaliwe.