Jinsi ya Kujenga Taaluma ya Utafiti Ukiishi kwa Mikataba ya Miradi: Mwongozo kwa Watafiti Chipukizi wa Magharibi mwa Kenya

Kijana anayehitimu shahada ya bioteknolojia au ya sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Maseno, cha Masinde Muliro kule Kakamega au cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, kisha akaamua kubaki katika ukanda wa Ziwa, aghalabu huanza kazi kwa mkataba wa mradi. Ukanda huu umebahatika kuliko sehemu nyingi za nchi. Tangu mwaka 1979 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, imekuwa ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, na makao ya kazi yao huku ni Kisian, kando ya barabara iendayo Busia. Taasisi ya wadudu ya icipe ina kampasi yake Mbita, ufuoni mwa ziwa. Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoendeshwa katika nchi saba za Afrika, yalikuwa na vituo Siaya na Kombewa. Kwa hivyo kazi ya maabara na ya nyanjani haikosekani; kinachokosekana ni kazi inayodumu. Mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya waliambiwa wakae nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye ujuzi wa miaka mingi ambao hawakuwa na makala hata moja yenye jina lao mbele.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutumia mradi wa mwingine kujipatia vitu vinavyobaki mikononi mwako siku mradi unapofungwa, yaani swali la utafiti linalojulikana kuwa lako, makala uliyoyaongoza wewe, na shahada ya juu.

Jua ngazi unayoipanda

Chuo kikuu kina ngazi yake: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake vya mwaka 2014, anayetaka kuwa mhadhiri anatarajiwa kuwa na shahada ya uzamifu (PhD), na kupandishwa cheo hutegemea makala yaliyochapishwa, wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu, na ruzuku ulizoleta. KEMRI nayo ina ngazi yake ya wanasayansi watafiti. Mradi hauna ngazi. Unaweza kutoka fundi wa maabara hadi msimamizi wa maabara, kisha mratibu wa utafiti, mshahara ukipanda kila hatua, na bado kamati ya ajira ya chuo ikusome kama mtu anayeanza. Mshahara huo wenyewe ndio mtego, kwa sababu unaweza kuushinda wa mhadhiri mpya na kumfanya mtu aahirishe masomo mwaka baada ya mwaka. Ushauri wangu ni kwamba ukishamaliza mkataba wa kwanza, usisaini wa pili kabla hujajiandikisha kwa uzamili, au kwa uzamifu ikiwa uzamili unao.

Chagua swali lililo dogo kuliko ugonjwa

Malaria ni eneo la kazi la maelfu ya watu, nalo haliwezi kuwa swali lako. Swali ni, kwa mfano, jinsi mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye alikuwa amepungua sana baada ya vyandarua kuenea, alivyorejea akiwa sugu kwa pairethroidi, yaani dawa za kuua wadudu zinazotiwa kwenye vyandarua, na ni jeni zipi zinazoubeba usugu huo katika vijiji vya Siaya. Swali ni kama vimelea vya hapa vimepoteza jeni la hrp2, ambalo protini yake ndiyo inayotafutwa na vipimo vya haraka, hivi kwamba mgonjwa aweza kuonekana hana malaria ilhali anayo. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao walitangaza kwamba kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, walichokikuta ndani ya mbu wa Anopheles arabiensis hapa Kenya, kinazuia vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu huyo. Ugunduzi mmoja kama huo hufungua maswali ya kutosha tasnifu nyingi, na mtu aliye karibu na ziwa ana nafasi ya kuyafikia kabla ya yule aliye mbali.

Mwenye kuelekea upande wa mimea asidhani amesahaulika. Njoro, karibu na Nakuru, kuna Chuo Kikuu cha Egerton na pia kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kila msimu ili ipimwe kama inahimili kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu wa ngano, hasa ile jamii ya kuvu iitwayo Ug99.

Swali zuri kwa mtu wa mikataba lina sifa moja ya ziada: linaweza kuhama nawe. Ukijulikana kama mtu wa usugu wa mbu, mradi wa vyandarua utakuhitaji leo, na mradi wa kunyunyizia dawa majumbani utakuhitaji kesho, na makala ya huku yatajengwa juu ya yale ya kule. Ukijulikana kama mtu anayeendesha vizuri mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke, utaajiriwa kila mahali bila kujenga chochote.

Anzia kwenye sampuli zilizokwisha kukusanywa

Kukusanya sampuli mpya kunahitaji magari, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na pesa ambazo mtafiti chipukizi hana. Majokofu na makabati ya miradi, kwa upande mwingine, yamejaa. Tuseme mradi wako una matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi za kichujio, yaliyokusanywa miaka minne iliyopita kwa ajili ya kupima kiwango cha maambukizi, na sasa unataka kuyatumia kusoma jeni za usugu wa dawa. Fuata utaratibu ufuatao, na usiruke hatua.

Soma kwanza fomu ya ridhaa iliyotumika wakati ule, neno kwa neno, pamoja na tafsiri yake ya Kidholuo au ya Kiswahili ambayo washiriki waliisaini. Unatafuta kifungu kinachoruhusu sampuli kuhifadhiwa na kutumika kwa utafiti mwingine baadaye. Mara nyingi palikuwa na visanduku viwili, cha kukubali na cha kukataa, na waliokataa lazima waondolewe kwenye orodha yako kabla hujagusa karatasi hata moja. Ikiwa kifungu hicho hakipo, peleka suala hilo kwa kamati ya maadili na usilikate mwenyewe.

Pili, kagua hali ya sampuli kabla ya kuahidi lolote. Omba kuona rekodi za joto na unyevu za chumba au jokofu zilimohifadhiwa, na uangalie siku ambazo stima ilipotea na jenereta ikachelewa kuwaka. Fungua bahasha kadhaa kutoka visanduku tofauti, vya mwanzo na vya mwisho, utazame zile pakiti za kufyonza unyevu: zilizobadilika rangi zinakuambia kwamba hewa ya ziwa imeingia. DNA huvumilia mengi ikiwa kavu, lakini RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, haina subira hiyo, kwa hivyo swali linalohitaji RNA huenda likafia hapo, na ni heri life sasa kuliko baada ya kupewa ruzuku. Chukua sampuli chache za kila kipindi, zitoe DNA, na uandike katika daftari la maabara zipi zilifaulu na zipi zilikataa. Matokeo hayo madogo ndiyo yatakayomshawishi mtafiti mkuu anayeongoza mradi, kwa kuwa yanaonyesha kwamba umeshika kitu mkononi. Hata hivyo jaribio hilo nalo liwe kwa idhini yake na ndani ya itifaki iliyopo, yaani mpango wa utafiti ulioidhinishwa.

Tatu, andika muhtasari wa wazo usiozidi kurasa mbili: swali, sampuli ngapi zinahitajika na kwa nini idadi hiyo, vipimo, gharama ya vitendanishi (kemikali za vipimo), na makala utakayoandika. Nne, baada ya mtafiti mkuu kukubali, omba marekebisho ya itifaki au uwasilishe itifaki mpya kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Huku kwetu zipo za KEMRI, za Chuo Kikuu cha Maseno na za hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, miongoni mwa nyingine. Kibali cha kamati ndicho hutangulia leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti, nayo leseni hudumu mwaka mmoja kabla ya kuhuishwa. Ikiwa sampuli zitasafirishwa kwenda kusomwa nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha kuzitoa nchini, na katika mkataba huo soma kwa makini kipande kinachosema zitakazobaki zitafanywa nini. Nikiulizwa, ningesema zirudishwe au ziharibiwe, na jambo hilo liandikwe.

Jina lako mbele

Kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, zinataka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito katika wazo, ukusanyaji, uchambuzi au ufafanuzi, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Watu wa maabara wengi huangushwa na sharti la pili, kisha majina yao huishia kwenye shukrani. Lakini kanuni hizo hizo husema kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Kwa hivyo aliyefanya vipimo ana haki ya kuiona rasimu, na kuiomba si utovu wa adabu.

Mazungumzo haya yafanyike kabla ya uchambuzi kuanza, kwa sababu matokeo yakishapendeza kila mtu hukumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Nenda ofisini, usimkamate mkubwa wako koridoni, na useme kwa upole ulionyooka: "Daktari, kabla sijaanza kuchambua hizi sampuli, ningeomba tukubaliane ni nani atakayeongoza kuandika makala. Mimi niko tayari kuandika rasimu ya kwanza kufikia mwezi wa nane." Siku hiyo hiyo tuma baruapepe fupi ya kumshukuru, ukirudia mlichokubaliana na majina kwa mpangilio wake. Barua hiyo ndiyo shahidi wako. Akikataa, kubali nafasi ya pili kwa makala hayo, lakini omba mwongoze pamoja yanayofuata. Ikiwa anakataa kila mara, huyo si msimamizi wa kukukuza, hata kama ni mtu mwema kwa mengine yote.

Kuhusu mahali pa kuchapisha nitasema machache. Jarida linalokuahidi jibu ndani ya siku tatu, linalokuandikia likikuita mheshimiwa mtaalamu bila kujua unasomea nini, na ambalo bodi yake ya wahariri haipatikani katika kurasa za vyuo vyao, liepuke. Majarida mengi halali ya wazi huondoa au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila ombi hilo hutumwa wakati wa kuwasilisha makala, na ukisubiri hadi yakubaliwe unaweza kuambiwa umechelewa. Fungua mapema nambari ya ORCID, ambayo humtambulisha kila mtafiti peke yake, kwa kuwa akina Otieno, Wafula na Chebet wenye herufi moja ya kwanza ni wengi.

Uzamifu na ruzuku

Tafuta wasimamizi wawili wa aina tofauti: mmoja wa chuo, anayejua taratibu za shule ya uzamili na atakayesukuma faili yako isilale, na mwingine wa taasisi ya utafiti, mwenye maabara na sampuli. Wakiwa wote wa taasisi, faili italala. Wakiwa wote wa chuo, huenda usipate vitendanishi. Kumbuka pia kwamba viwango vya Tume vinamtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala kabla ya kuhitimu, hivyo panga sura za tasnifu ziwe makala tangu mwanzo.

Kwa fedha, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, DAAD ya Ujerumani inayotoa ufadhili wa masomo, ufadhili wa Jumuiya ya Madola na mpango wa EDCTP wa Ulaya unaofadhili majaribio ya tiba barani Afrika ni milango inayofahamika, na kila mmoja una masharti ya mwaka wake ambayo lazima uyasome kwenye tangazo lenyewe. Usitegemee mfadhili wa nchi moja. Anayekuandikia barua ya mapendekezo mpe wiki tatu, wasifu wako na maelezo ya ruzuku, pamoja na mambo mawili au matatu uliyofanya mbele ya macho yake.

Miezi mitatu ya mwisho ya mradi

Usingoje sherehe ya kufunga mradi. Omba barua rasmi inayotaja kazi ulizofanya kwa majina yake: vipimo ulivyoanzisha, watu uliowafundisha, itifaki ulizoandika. Weka nakala za vibali vyote vyenye jina lako. Msimbo wa uchambuzi ulioandika mwenyewe, uliza kama unaruhusiwa kuuhifadhi mahali pa wazi. Takwimu za washiriki, hata hivyo, usiziweke kwenye flashi ukaondoka nazo; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kosa moja la aina hiyo laweza kukufungia milango ya kamati zote. Badala yake, wasilisha ombi la maandishi la kuendelea kuzitumia takwimu kwa ajili ya makala yaliyobaki, likitaja vigezo unavyovihitaji tu, na uhakikishe limejibiwa kabla anwani yako ya baruapepe ya mradi haijafungwa.