Ukienda kununua lethi iliyotumika, beba kipande cha chuma

Rangi mpya kwenye lethi (mashine ya kukereza chuma) ya mtumba hainivutii hata kidogo, kinyume chake hunitia wasiwasi. Mimi huanza na kitanda cha mashine, yaani reli ndefu za chini, hasa pale karibu na chaki, ile taya inayoshika chuma na kukizungusha, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo na ndipo panapolika kwanza.

Mwombe muuzaji akaze kidogo skrubu za kile kigari kinachobeba kisu, kikiwa karibu na chaki, hadi kitembee kwa uzito kiasi. Kisha kisukume taratibu kuelekea mwisho wa kitanda. Kikikwama njiani, kitanda kimelika, na kukichonga upya ni gharama inayoweza kumaliza unafuu wote wa bei.

Nenda na kipande chako cha chuma cha duara, milimita 40 hivi, na maikromita, kifaa cha kupimia unene. Kifunge kwenye chaki kikitokeza milimita 150, bila kukishikilia upande wa pili, kikerezwe kidogo tu, halafu upime unene wa ncha zote mbili za sehemu iliyokerezwa. Tofauti ya milimita 0.02 naivumilia. Ikifika 0.1, hapo ama bei ishuke sana ama naaga. Sikiliza pia gia zote, moja baada ya nyingine, si ile moja aliyoichagua muuzaji.

Halafu soma kibati cha maelezo kwenye mota. Wengi hufikisha mashine karakana ndipo wagundue inataka umeme wa fezi tatu, na wao wana fezi moja.