Tumbawe limepauka, mwani umetanda: anza kupima wapi

Tumbawe likianza kudhoofika, wengi hukimbilia chupa ya dawa, na hapo ndipo tangi zima la maji ya chumvi la kufugia matumbawe huharibika. Tumbawe na mwani mara nyingi hulalamikia kasoro ileile ya maji, kwa hiyo visomwe pamoja kabla hujamimina chochote. Vipimo vilivyo hapa vinafaa tangi la nyumbani la lita 100 hadi 400 lenye mawe, mchanga, skima (chujio linalotoa uchafu kwa povu) na taa za LED.

Anza kwa macho. Tumbawe lililopauka bado lina nyama: limulike kwa tochi utaona ngozi nyembamba, karibu kama haina rangi, na polipu (vijinyama vyenye mikono midogo) hutoka usiku. Limefukuza vijimwani viishivyo ndani ya nyama yake na kulilisha sukari, lakini halijafa. Likipata maji tulivu linaweza kurudisha rangi kwa wiki kadhaa au miezi. Lililobanduka nyama ni kiunzi kitupu cha kukwaruza, na baada ya siku chache huota utando wa kijani. Sehemu hiyo hairudi. Cha kuuliza ni kama kifo kinasonga mbele.

Tazama kilipoanzia. Weupe upande wa juu tu, huku kivulini rangi ipo, ni mwanga uliozidi: taa mpya, au tumbawe lililopandishwa juu kwa mkupuo. Ncha za Acropora (tumbawe la matawi) zilizoungua huashiria alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, iliyopanda haraka, hasa pale virutubisho vya nitrati na fosfati viko karibu na sifuri. Nyama inayochubuka polepole kutoka shinani kwenda juu mara nyingi ni alkalini inayoyumba, au mkondo usiofika chini. Nyama ikibanduka yote ndani ya saa chache, usingoje majibu ya vipimo: kata matawi mazima sentimita 2 juu ya mpaka wa kifo na uyagandishe kwa gundi kwenye jiwe lingine. Tumbawe lililogeuka kahawia halina dharura. Limeongeza vijimwani kwa sababu mwanga ni mdogo au virutubisho vimezidi.

Matumbawe yote yakifumba siku moja, usiwaze ugonjwa. Waza chumvi, joto au sumu. Dawa ya mbu ya kupulizia ni mshukiwa mkubwa majumbani kwetu, kwa kuwa viuatilifu vya jamii ya pairethrini huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana. Ukikuta kamba wamekufa na samaki wako salama, zima pampu ya hewa inayovuta hewa ya chumba kilichopulizwa dawa, weka mkaa mpya wa kuchujia na ubadilishe robo ya maji.

Kupima, anza na chumvi, maana kifaa chenyewe hudanganya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sawazisha refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi kwa mwanga, kwa kimiminika cha rejea cha 35 kwa elfu. Ukiisawazisha kwa maji matupu inaweza kusoma sawa kwenye sifuri na kukosea pale unapohitaji. Lenga 35, yaani densiti ya 1.026 hivi. Maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo kilichopungua kijazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Ukikuta 38 au 31, rekebisha taratibu, isizidi 1 kwa siku.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Linganisha vipimajoto viwili, na kumbuka kwamba hita mbovu mara nyingi hukwama ikiwa inawaka. Dar es Salaam na Mombasa tatizo huwa kinyume: chumba chenyewe kina joto. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hivi, ila ukaukaji huongezeka, na ukisahau kujaza utajikuta umerudi kwenye kosa la chumvi.

Alkalini: 7 hadi 9 dKH (kipimo chake). Ipime saa ileile siku tatu mfululizo, kwa sababu kuyumba huumiza kuliko namba yenyewe; tangi linalokaa 7.2 kila siku ni bora kuliko linaloruka kati ya 8 na 10. Gramu 3 za sodiamu bikaboneti hupandisha lita 100 kwa takriban 1 dKH. Iwe tupu, si poda ya keki yenye asidi, wala magadi ya kupikia maharage. Iyeyushe kwenye maji safi, imimine polepole penye mkondo, na usipite kiasi hicho kwa siku moja. Kalsiamu 400 hadi 450 mg kwa lita na magnesiamu 1250 hadi 1400 hazihitaji kupimwa kila siku.

Kisha nitrati, 2 hadi 15 mg kwa lita, na fosfati, 0.03 hadi 0.1. Sifuri si ushindi. Kama mawe yamejaa mwani wa nywele na fosfati inasoma sifuri, fosfati ipo, ila mwani umeshaila. Kama mawe ni safi na matumbawe yamefifia, tangi lina njaa kweli.

Sasa mwani wenyewe. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole kwenye tangi jipya ni diatomu, vijimwani vinavyotumia silika, na huondoka lenyewe. Likirudi kwenye tangi la zamani, kagua rezini (chembe za kusafishia) ya chujio la osmosi unalotengenezea maji safi, huenda imechoka na inapitisha silika. Shuka jekundu au zambarau linalong'oka kipande kizima ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani: lifyonze kwa mpira, ongeza mkondo hapo, punguza chakula kinachooza.

Kinacholetea watu hasara ni dinoflajeli, viumbe vidogo vya seli moja, kwa kuwa hufanana na diatomu. Ni makamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo. Huzidi mchana, hupungua usiku, na konokono wanaoyala mara nyingi hulegea na kufa. Ili kuhakikisha:

1. Vuta makamasi kwa sirinji pamoja na maji kidogo, utikise kwa nguvu hadi yatawanyike.
2. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa.
3. Weka maji yaliyopita chini ya taa kwa saa moja.

Yakishikamana tena kuwa nyuzi, karibu hakika ni dinoflajeli. Hustawi pale nitrati na fosfati zilipoisha na washindani wao wakafa njaa, ndiyo maana kubadilisha maji na kuzidisha usafi huzichochea. Simamisha ubadilishaji wa maji, toa kifyonza fosfati, kisha pandisha nitrati hadi 5 na fosfati hadi 0.1, ukipima kila siku kwa kuwa huliwa haraka. Gramu 0.7 za sodiamu nitrati safi, si mbolea, huongeza 5 mg kwa lita katika lita 100. Ukipata hadubini ya mara 400, tafuta umbo la tone linalozunguka kwenye ncha yake: hiyo ni Ostreopsis, hupanda majini usiku, na taa ya urujuanimno (UV) ya kupitishia maji huipunguza vizuri. Amphidinium hubaki mchangani, hivyo taa hiyo haitakusaidia. Vaa glavu na miwani, maana Ostreopsis ina sumu.

Mwani wa nywele ung'olewe kwa mkono, jiwe likiwa nje ya tangi inapowezekana, ndipo konokono wamalizie mabaki. Kifyonza fosfati anza na nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Fosfati ikiporomoka ghafla Acropora hubanduka nyama. Mawe yaliyolowa fosfati huendelea kuiachia kwa wiki nyingi, kwa hiyo namba itapanda tena hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Ukiona matawi yenye umbo la unyoya ambayo konokono hawayagusi, huo ni Bryopsis. Flukonazoli, dawa ya fangasi ya dukani, huumaliza: kidonge kimoja cha mg 200 kwa kila lita 40, mkaa ukiwa umetolewa, bila kubadilisha maji kwa wiki mbili. Kuanzia siku ya tano pima nitrati na fosfati kila siku, kwa sababu mwani unaokufa hurudisha majini kila ulichokuwa umekishika.