Kabla Hujamwandikisha Mzee au Mtu Mwenye Ulemavu kwenye SHA: Mambo ya Kuzingatia

Anza na kitambulisho. Kama kimepotea au maandishi yamefutika, shughulikia hicho kwanza, maana bila nambari yake hutasonga hata hatua moja. Kadi ya zamani ya NHIF iweke kando. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya umma hapa Kenya ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyochukua nafasi ya NHIF, na mzee aliyekuwa akilipa NHIF miaka yote bado unapaswa kuhakikisha ameandikishwa upya na taarifa zake ziko sawa.

Kuandikishwa ni bure. Mtu wa saiba, yaani duka la intaneti, anaweza kukutoza hela ya kazi yake, lakini akikwambia kuna ada ya serikali ya usajili, chukua kitambulisho chako uondoke.

Mahali pa kuandikishia ni pengi. Kuna *147# kwenye simu, kuna tovuti ya Afya Yangu, na kuna Huduma Centre, ambazo hapa Nairobi utazipata GPO, City Square, Makadara, Eastleigh na Kibra. Lakini mtu asiyeweza kutembea usimpakie kwenye matatu kumpeleka mjini kabla hujauliza zahanati ya karibu au mzee wa mtaa ni nani mhamasishaji wa afya wa eneo lenu. Hao wanakuja hadi nyumbani, na wanaandikisha mtu akiwa kitandani. Kwa asiyeona, au mwenye mikono inayotetemeka, *147# ni mateso: menyu inakatika kabla hajamaliza kujibu. Msaidie, ila msomee kila swali kwa sauti, naye ajibu mwenyewe.

Usidhani mzazi wako yumo kwenye bima yako. Watu wengi walioajiriwa, wanaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, wanajituliza kwamba mama na baba wamefunikwa. Hawajafunikwa. Bima yako inamhusu mwenzi wako wa ndoa na watoto wako. Mzazi ni mwanachama anayejitegemea, aandikishwe kwa kitambulisho chake na alipiwe mchango wake.

Sasa nambari ya simu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipoona watu wakiumia.

Jirani yangu Kayole ni fundi wa viatu, amevuka miaka sabini, na mguu mmoja ulipooza kwa polio tangu utotoni. Wakati wa pilikapilika za usajili, vijana waliweka meza karibu na kibanda chake. Simu ya mzee haikuwa na chaji. Kijana aliyekuwa akimwandikisha, ili asipoteze wakati, akaweka nambari yake mwenyewe, akabonyeza bonyeza, akamwambia, “Mzee, tayari, uko ndani.” Mzee akafurahi. Binti yake akalipa mchango wa mwaka mzima kwa kutumia nambari ya kitambulisho, malipo yakapita bila shida. Kwa macho ya kila mtu, bima ilikuwepo na imelipiwa.

Miezi kadhaa baadaye mzee akapatwa na kiharusi usiku. Tulimbeba kwa teksi hadi hospitalini. Mhudumu wa mapokezi akaingiza kitambulisho, akasema mchango unaonekana, kisha akatuambia tusome nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mgonjwa. Simu ya mzee ilikuwa mkononi mwa binti yake, na haikuwa imeingia kitu. Nambari ya siri ilikuwa imekwenda kwenye laini ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mhudumu akatusomea tarakimu za mwisho, tukaulizana, tukampigia huyu na yule, mpaka mtu mmoja akamkumbuka yule kijana wa meza. Kijana alikuwa amehama mtaa na laini ile alishaiacha. Ilikuwa imeuzwa upya, na aliyepokea ni mama mmoja aliyeamshwa usingizini na sauti za watu asiowajua wakimwomba awasomee nambari ya siri kwenye simu yake. Akakata. Nani angemlaumu? Sote tumefundishwa kwamba anayekuomba nambari ya siri ni mwizi.

Basi ikabidi mzee alazwe kwa pesa taslimu. Binti alikopa, ndugu wakachangishana kwenye kikundi cha WhatsApp usiku ule ule, na bima iliyolipiwa ikakaa tu kwenye kompyuta. Kurekebisha nambari baadaye kulihitaji mzee mwenyewe na kitambulisho chake, na wakati huo hakuwa anaweza hata kukaa.

Kwa hiyo: laini iwe ya mzee mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kabambe yoyote, yaani simu ndogo ya vibonyezo, inatosha. Iwekwe chaji, na iwe na salio kidogo, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kama hana simu kabisa, weka nambari ya mtu anayelala naye nyumba moja. Usiweke ya mtoto aliye Qatar hata kama ndiye anayelipa, wala ya mlinzi wa ploti, wala ya dada wa kazi ambaye Desemba ataenda kwao asirudi. Mkishamaliza usajili, msiondoke mezani kabla ujumbe haujaingia kwenye simu ile na mkausoma pamoja. Kama mzee ni kiziwi, hakikisha anajua kwamba ujumbe wa aina hiyo utakuja na amwonyeshe nani.

Siku hizi hospitali nyingi zinamtambua mgonjwa kwa alama za vidole. Hilo linapunguza tatizo la simu na kuleta lingine. Mama aliyefua nguo za watu miaka thelathini, au mtu aliyeponda kokoto, vidole vimesagika na mashine haivisomi. Jaribuni vidole vyote, si kidole gumba peke yake; nawa mikono, pangusa, jaribu tena. Na fanyeni hivyo akiwa mzima, siku ya kawaida, kwenye kituo cha afya cha karibu. Vikikataa, au kama mtu hana vidole au mkono umekakamaa, dai papo hapo uelezwe njia nyingine ya kumtambua na ni ofisi gani inaiidhinisha. Swali hilo lisisubiri usiku wa ambulensi.

Baada ya usajili kuna tathmini ya uwezo wa kulipa, yaani yale maswali kuhusu nyumba, maji, taa, kuni au gesi, mifugo na mali. Kwa asiye na mshahara, majibu hayo ndiyo yanayoamua kiasi cha mchango. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kuwa hulipwa kwa mwaka, hiyo ni 3,600. Ajibu mwenyewe, au ajibiwe na mtu anayeijua nyumba yake. Nimeona mama mkongwe anayekaa chumba kimoja akiandikiwa kama mwenye nyumba ya mawe, kwa sababu tu chumba hicho kiko ndani ya ghorofa la mwenye ploti. Kiasi alichopangiwa kilikuwa kikubwa hadi akaiacha bima kabisa. Sema ukweli, usipunguze wala usiongeze, na ukiona kiasi hakifanani na maisha ya mtu, omba tathmini irudiwe.

Kuandikishwa na kulipa ni mambo mawili. Aliyeandikishwa bila kulipa anatibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Lakini kulazwa hospitali kubwa kama Mama Lucy, Mbagathi au Kenyatta, kufanyiwa upasuaji, kusafishwa figo, vyote hivyo vinadai mchango uliolipwa. Mzee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wasiojiweza, anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mchango wa mwaka, hata ule wa chini kabisa, unameza karibu miezi miwili ya pesa hiyo, kwa hiyo familia ipange mapema nani anatoa nini. Wala usidhani kuwa kwenye Inua Jamii kunamaanisha serikali imemlipia bima. Uko mpango wa serikali wa kuwalipia wasiojiweza. Uliza kama jina lake limo, na uthibitishe kwenye simu kwamba mchango unaonekana.

Kwa watu wenye ulemavu, anza mapema kutafuta usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Unapitia tathmini ya madaktari kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na foleni si fupi. Hati hiyo ina uzito hasa kwa mzazi mwenye mtoto mtu mzima asiyeweza kujitegemea. Sheria ya bima ya 2023 inamtambua mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kikamilifu na kuishi naye, hata akiwa amepita umri wa watoto wengine. Bila karatasi utaambiwa umri wake umepita, na utarudi nyumbani na huyo mtoto mgongoni.

Mengine kwa haraka. Kabla ya kuchagua hospitali ya kibinafsi, piga simu uulize kama leo inapokea SHA; zimewahi kusitisha kwa sababu ya madeni. Majina ya mwenzi wa ndoa yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, siyo kama yanavyoitwa kijijini. Weka nakala ya kitambulisho na tarehe ambayo mchango unaisha mahali ambapo jirani anaweza kuvipata wewe ukiwa kazini. Lipa wiki kadhaa kabla ya tarehe hiyo. Anayepiga simu akisema anatoka SHA na anataka nambari ya siri ya M-Pesa ili “akuongezee mwezi”, kata. Na ukiwa na mzee kwenye foleni, usione haya kumwomba mlinzi amtangulize mbele. Beba pia maji ya kunywa, dawa zake za mchana, na koti hata kama asubuhi jua limewaka.