Namna ya Kumhudumia Mtoto Mchanga Anayeshukiwa Kuumia Uti wa Mgongo Wakati wa Kuzaliwa

Kuumia uti wa mgongo, yaani ugwe wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, wakati wa kuzaliwa ni jambo la nadra, lakini likitokea, namna mtoto anavyobebwa katika saa za mwanzo inaweza kuzidisha madhara. Mara nyingi huwapata watoto waliotanguliza makalio, hasa kichwa kinapokuwa kimeinukia nyuma na mwili ukavutwa kwa nguvu kabla hakijatoka.

Mlaze chali mahali tambarare, mfunue kwa muda mfupi na umtazame bila kumgeuzageuza. Mtoto aliyeumia anaweza kufumbua macho na kukunja uso kama kawaida, ilhali miguu yake, na pengine mikono yote miwili, imelegea. Tumbo likipanda huku kifua kikibonyea ndani, au mkojo ukidondoka tone kwa tone na tumbo la chini limejaa, shuku uti wa mgongo. Lipo jambo linalowapotosha wengi: ukikwaruza unyayo, mguu unaweza kujikunja hata kama hisia haifiki kwenye ubongo, kwa sababu mjikunjo huo huamriwa na uti wa mgongo wenyewe. Kwa hiyo mtazame usoni; asipokunja uso wala kulia, mguu uliojikunja usikutulize. Mkono mmoja tu uliolegea mara nyingi hutokana na kuumia mishipa ya fahamu ya bega, nao pia uonwe na daktari.

Ukishashuku, usikubali mtoto akandwe wala kunyooshwa viungo, hata kama anayeshauri ni bibi yake mwenye nia njema. Viringisha kanga mbili, uziweke pande mbili za kichwa, ili kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja, usiweke mto. Mvike kofia na umfunike vizuri, kwa kuwa baridi humdhoofisha haraka. Pumzi ikipungua, mhudumu wa afya amsaidie kwa mfuko na barakoa vya kumsukumia hewa mapafuni, akisogeza taya mbele bila kupinda shingo.

Kwa walio Tanzania, piga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango unaoratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Asibebwe mgongoni wala kwenye bodaboda. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako njia ni boti, alazwe juu ya ubao uliotandikwa blanketi, katikati ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, na mtu mmoja ashike kichwa chake safari nzima.

Barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kwa walio Kigoma, au Kitete kwa walio Tabora, ieleze alitanguliza kiungo gani, kama alivutwa, kama ulisikika mlio wa kitu kukatika, na alipumua lini. Mkunga asiyafiche hayo, na ndugu wasiyageuze kuwa mashtaka, maana daktari anayategemea. Eksirei ikionyesha mifupa mizima, ulizeni kuhusu MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha uti wenyewe, kwa kuwa uti unaweza kuumia bila mfupa wowote kuvunjika.