Acheni Kupiga Dawa Asubuhi Malenge Yakiwa na Maua

Kila msimu wakulima wa bustani za nyumbani na za vikundi hapa Nairobi, kuanzia Kangemi hadi Kayole, huleta lalamiko lilelile: malenge yametoa maua mengi, vitunda vimetokea vya ukubwa wa kidole gumba, kisha vikageuka manjano na kudondoka. Halafu wanauliza, "Nipige dawa gani?" Ndugu zangu, mara nyingi ni dawa hiyohiyo mnayopiga inayovidondosha.

Ua la malenge hufunguka alfajiri na kufikia saa 5 asubuhi limeshaanza kujifunga. Ua jike likijifunga halifunguki tena. Chavua ya malenge, ule unga wa manjano wa ua dume, ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo hauwezi kuibeba. Lazima nyuki aitoe kwenye ua dume aipeleke kwenye ua jike katika saa hizo chache, tena ua moja linahitaji kutembelewa mara kadhaa ndipo tunda lijae. Sasa mkulima wa mjini anataka kumaliza kazi ya bustani kabla ya kukimbilia matatu. Saa 1 asubuhi amejitwika pampu. Anawakuta nyuki wakiwa ndani ya maua kabisa.

Mazoea haya yametoka kwa sukuma wiki. Sukuma huvunwa majani, haihitaji nyuki, na ukiipiga dawa asubuhi huoni hasara yoyote. Lakini bustani zetu ni ndogo, sukuma na malenge vinapakana, na upepo hausimami kwenye mpaka wa tuta. Isitoshe, chini ya sukuma kuna kishona nguo kilichotoa maua na nyuki wanakula hapo. Ng'oa au kata maua hayo jioni kabla ya siku ya kupiga dawa.

Kinachoniumiza zaidi ni hatua inayofuata. Vitunda vikidondoka, mkulima anadhani ni nzi wa matunda, anaongeza dawa, nyuki wanapungua zaidi na vitunda vinazidi kudondoka. Kabla hujaenda agroveti, okota vitunda vitatu vilivyoanguka uvipasue kwa kisu. Nzi wa matunda huacha alama ndogo ya kutobolewa kwenye ganda, na ndani utakuta funza weupe na uozo. Kitunda kilichokosa chavua ni safi ndani, hakina tundu, na kimeanza kunyauka kutoka kwenye ncha ile lilipokuwa ua. Ukiona hivyo, hakuna dawa ya kununua. (Maua dume, yale yasiyo na kitunda chini yake, hutangulia kutokea na kuanguka yenyewe. Hayo yasikutie wasiwasi.)

Saa ya kupiga dawa, ikibidi, ni baada ya saa 12 na nusu jioni. Jua la Nairobi huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na nyuki wengi huwa wamerudi. Saa 10 jioni bado ni mapema, msijidanganye. Elekeza dawa chini ya majani wanakojificha vidukari, epuka maua na matumba, na usipige mimea ikiwa na umande wala mvua ikikaribia.

Kupiga jioni hakusaidii kwa kila dawa. Dawa za pareto huvunjwa haraka na mwanga wa jua, hivyo jioni inafaa. Lakini dawa yenye imidaclopridi huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye chavua na asali ya ua kwa muda mrefu. Hiyo usiitumie kwenye malenge, matango wala tikiti yanayokaribia kutoa maua, iwe asubuhi iwe usiku. Soma jina la kiambato kwenye kibandiko, maana jina kubwa la mbele halikuambii kitu. Ukiona onyo kuhusu nyuki, lifuate kama lilivyoandikwa.

Na vipimo! Tuseme kibandiko kinasema mililita 10 kwa lita 20 za maji. Mtu ana kichupa cha kupulizia cha lita 1, anachukua kifuniko cha chupa ya soda, anakijaza na kumimina. Kifuniko kile hubeba mililita 5 hivi. Kipimo sahihi kwa lita 1 ni nusu mililita, kwa hiyo huyu amepiga mara kumi ya kiasi kinachotakiwa, kwenye mboga atakayowapikia watoto. Nunua bomba la sindano la mililita 2 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano, ulitumie kwa kazi hii tu na ulifungie mbali na watoto. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo hakuna kisingizio. Kwa vidukari wachache, sabuni ya maji mililita 5 kwa lita 1 ya maji inatosha, ila hiyo nayo ipigwe jioni.

Mwezi wa Julai, baridi na mawingu yakiwazuia nyuki kutoka, chavusha kwa mkono. Fanya hivyo kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, toa petali zote ubaki na kijiti chenye unga wa manjano, kisha usugue taratibu sehemu zote za katikati ya ua jike. Usisugue upande mmoja tu, tunda litapinda. Ua dume moja linatosha maua jike mawili. Kitunda kilichoshika huanza kunenepa ndani ya siku chache.

Tusiwasahau nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao wengi huwaua kwa hofu. Ndio wanaochavusha karakara (pasheni), na wao hutikisa maua ya nyanya na biringanya kwa mngurumo hadi chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali hawezi. Waachie gogo kavu kwenye kona. Acha pia mashina mawili ya dania na rehani yachanue. Wawekee nyuki sahani ya maji yenye mawe ya kutulia, na maji yabadilishwe kila baada ya siku 2 yasizae mbu.

Kwa vikundi: wanachama wengi hukutana Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo pampu zote hutolewa. Ahirisheni upigaji dawa hadi jioni ya siku hiyo, au mmalize Ijumaa jioni. Mtu mmoja akipiga saa 2 asubuhi, amewakosesha mavuno majirani wote, kwa kuwa nyuki hawa ni wa bustani nzima. Wekeni ubao langoni: jina la dawa, tuta litakalopigwa na saa, viandikwe siku moja kabla. Mweka hazina ashike ufunguo wa stoo ya pampu, na asiutoe kabla ya saa 12 jioni.